Kuulinda Uwanja wa Nyasi na Mashine Yake Katika Kiangazi cha Kolwezi

Kiangazi cha Kolwezi huanza mvua zinapokoma, kwa kawaida kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na huendelea hadi mwisho wa Septemba au ndani ya Oktoba. Katika miezi hiyo nyasi za nyumbani hupambana na mateso matatu yanayofuatana: ukavu, kisha baridi ya usiku ya Juni na Julai, na mwishowe joto kali la Septemba kabla mvua hazijarudi. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata jua la mchana likiwaka, usiku wa kipupwe huwa wa baridi. Kwenye dembo, yale mabonde ya majani yanayoshika maji wakati wa masika, hewa baridi hutuama alfajiri, na jalidi huweza kuonekana juu ya majani.

Vijitabu vinavyofungwa pamoja na mashine za kukatia nyasi hufuata zaidi majira ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko baridi huja Desemba hadi Februari, na mwenye mashine huagizwa aisafishe na kuihifadhi Oktoba au Novemba. Mkoa wa Lualaba, uliko mji wa Kolwezi, uko kusini mwa ikweta, na Novemba ndio wakati nyasi zake zinapoanza kukua tena kwa nguvu. Ratiba ifaayo hapa ni hii: maandalizi Machi na Aprili, ulinzi kuanzia Mei hadi Septemba, na ufufuaji Oktoba na Novemba. Sehemu nzito ni ya kwanza. Nyasi zilizoingia kiangazi zikiwa na mizizi mirefu na akiba ya chakula huhitaji mambo machache tu hadi mvua irudi. Zilizoingia zikiwa dhaifu haziokolewi kwa maji mengi ya Julai.

Faida ya nyasi katika mji wa migodi

Tangu Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 chini ya kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, nyasi zilizokatwa vizuri zimekuwa pambo la nyumba za kampuni na za wenye uwezo. Lakini katika mji uliozungukwa na machimbo ya shaba na kobalti, faida yake kubwa ni ya afya na ya ardhi. Kiangazi ni majira ya vumbi. Malori ya madini hulitimua kwenye barabara za udongo, upepo hulibeba, na parseli yenye ardhi tupu huongeza vumbi lake mwenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao watu wamechimba madini katikati ya makazi, na katika mkojo wa wakazi wake, hasa watoto.

Nyasi haziondoi madini yaliyokwisha kuingia kwenye udongo. Hata hivyo huushika udongo huo usipeperuke, hunasa sehemu ya vumbi linalotua, na hupunguza udongo mtupu ambao mtoto anauchezea na kuupeleka mdomoni. Mvua za kwanza zinapopiga kwa kishindo baada ya miezi mitano ya ukavu, ardhi iliyofunikwa hunyonya maji, ilhali ardhi tupu huchimbwa mifereji na kusukumwa hadi barabarani au kwenye msingi wa nyumba. Faida zote hizo hupatikana hata nyasi zikiwa na rangi ya kahawia, mradi tu mashina na mizizi yake yawe hai.

Jinsi nyasi zinavyolala

Nyasi inayotawala nyua za Lualaba ni ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Pasipalumu pia hupandwa, hasa na wanaotaka majani mapana, na mahali penye kivuli na unyevu hupandwa nyasi nyingine za majani mapana zaidi. Zote ni nyasi za nchi za joto: hukua vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 25 na 35 za Selsiasi, hupunguza mwendo usiku ukianza kuwa wa baridi, na zikikosa maji huacha kukua kabisa.

Ukoka una mashina ya namna mbili, yanayotambaa juu ya ardhi na yanayopita chini yake. Ukavu unapozidi, mmea huyaacha majani yafe na kuihifadhi akiba yake ndani ya mashina ya chini. Kukauka huko kwa majani ni njia ya mmea kujiokoa. Anayetaka kujua kama nyasi zimelala au zimekufa ang'oe shada dogo na kulitazama shinani. Shina jeupe au la kijani hafifu, gumu na lenye unyevu kidogo, liko hai. Shina la kahawia linalovunjika kama kijiti limekufa, na mahali hapo patahitaji kupandwa upya.

Maandalizi ya Machi na Aprili

Kazi ya kwanza ni kuinua kisu cha mashine. Urefu wa majani juu ya ardhi huendana na kina cha mizizi chini yake, kwa hiyo nyasi zinazokatwa hadi karibu na udongo hubaki na mizizi mifupi. Ukoka uliokuwa ukikatwa kwa sentimita 3 wakati wa masika uachwe ufike 4 au 5 kuanzia mwisho wa Machi. Pasipalumu ifike 6 au 7. Kila mara isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu hurarua ncha za majani, nazo hupoteza maji na kugeuka nyeupe.

Kazi ya pili ni mbolea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama urea, isitiwe tena baada ya katikati ya Machi, kwa kuwa hulazimisha majani mororo kuchipua wakati mmea unapaswa kuweka akiba. Madini yanayofaa mwishoni mwa masika ni potasi, ambayo huusaidia mmea kustahimili ukavu na baridi. Chanzo chake cha karibu ni majivu ya kuni au ya makala, yaliyochekechwa na kunyunyizwa kama gramu 50 kwa kila mita ya mraba, kisha kulowekwa na mvua za mwisho. Majivu ya takataka zenye plastiki, rangi au betri yasitumike.

Kazi ya tatu ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa uwanda wa Katanga ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, na mara nyingi una asidi. Chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa, hupunguza asidi hiyo. Mkoa wa jirani wa Haut-Katanga una machimbo yake ya Kakontwe, karibu na Likasi. Katika parseli zilizo karibu na machimbo, chokaa na mboji zina faida ya ziada: shaba iliyozidi kwenye udongo huunguza ncha za mizizi, na asidi ikipungua, shaba nayo hunyonywa kwa shida zaidi. Chokaa ikitiwa Aprili hupata mvua chache za kuiyeyusha na kuanza kufanya kazi kabla ya mwaka mpya wa ukuaji.

Kazi ya nne ni ardhi iliyogandamana. Palipopitwa na gari au palipofanywa njia, uma wa bustani uchomekwe hadi sentimita 10 na kutikiswa kidogo, kila baada ya kiganja kimoja. Hili lifanywe udongo ukiwa bado na unyevu. Udongo mwekundu ukishakauka huwa mgumu kiasi cha kupinda vyuma vya uma.

Maji kidogo, kwa kina

Ukoka uliolala unaweza kuvuka kiangazi bila kumwagiliwa ikiwa udongo wake ni mzito na mizizi imeshuka. Pasipalumu nayo hustahimili sana. Mahali penye udongo mwepesi, kwenye mteremko au karibu na ukuta unaorudisha joto, maji kidogo huwa tofauti kati ya kulala na kufa.

Lengo ni kuyaweka hai mashina ya chini, wala si kuyafanya majani yawe ya kijani. Kwa hilo hutosha milimita 12 za maji kila baada ya wiki tatu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita 100 za mraba unahitaji lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20. Ni mzigo mkubwa kwa familia inayochota au inayopata maji ya bomba ya shirika la REGIDESO kwa saa chache. Familia hiyo ichague sehemu za kuokoa: kwanza mteremko unaoelekea nyumbani, kisha ukanda ulio mbele ya mlango na madirisha, kisha mahali watoto wanapocheza. Sehemu nyingine ziachwe zilale.

Maji yamwagwe kwa mara moja na kwa wingi badala ya kunyunyizwa kidogo kidogo kila jioni. Maji ya juu juu huamsha chipukizi, huvuta mizizi ipande, kisha huyeyuka mchana uleule. Baada ya kumwagilia, msumari mrefu au bisibisi isukumwe ardhini: ikishuka sentimita 10 hadi 15 bila kukwama, maji yamefika. Katika Juni na Julai wakati mzuri ni asubuhi, jua likiwa limeshapasha ardhi, kwa sababu majani yanayolala na maji usiku wa baridi huunguzwa na jalidi na kushikwa na kuvu. Septemba, joto likipanda, ni afadhali kumwagilia alfajiri.

Maji ya kusuuzia nguo na ya kuogea yanaweza kutumika ikiwa hayana sabuni nyingi, na yapelekwe sehemu tofauti kila mara ili chumvi zisijae mahali pamoja. Maji yenye javeli yasimwagwe kwenye nyasi. Maji ya vijito na mifereji inayotoka kwenye machimbo au viwanda vya kuosha madini yasitumike hata kidogo, hata yakionekana safi.

Miguu, moto na mchwa

Nyasi zilizolala hazijitibu. Jani linalokanyagwa Januari hurudi baada ya siku chache, lakini la Julai hubaki limevunjika hadi Novemba. Njia ya kudumu kutoka lango hadi mlango iwekewe matofali au mawe bapa. Magari yasiegeshwe juu ya nyasi, na viti au turubai la sherehe visiachwe mahali pamoja kwa siku nyingi. Ambako asubuhi kuna jalidi, watu wasipite hadi iyeyuke, kwa kuwa jani lililoganda likikanyagwa hupasuka na kuacha alama nyeusi ya unyayo.

Agosti na Septemba ni miezi ya moto wa porini. Nyasi ndefu zilizokauka huusafirisha hadi kwenye ua, na paa la nyasi au rundo la kuni humaliza kazi. Uwanja uliokatwa mwishoni mwa masika na kusafishwa majani makavu huwa kinga kuzunguka nyumba. Pembezoni mwa mji, parseli inayopakana na kichaka iachiwe ukanda wa mita kadhaa uliopaliliwa. Kuuchoma uwanja wenyewe ili uchipue upya hakufai nyumbani. Ukoka huweza kurudi kutoka chini ya ardhi, lakini moto huiacha ardhi tupu katika wiki zile zile za upepo, vumbi na mvua za kwanza. Majani ya miti yanayodondoka Julai na Agosti yafagiliwe kwa reki nyepesi na kufanywa mboji, maana tabaka nene huyanyima mashina mwanga na kuficha wadudu.

Mchwa hula majani makavu, na katika kiangazi hukata vipande na kuvibeba chini. Mapengo madogo hujifunga mvua ikirudi. Dawa kali huua pia wadudu wanaouchimba udongo na kuupa hewa, na hubaki mahali watoto wanapokaa. Kilicho bora ni kuondoa mbao zilizooza na mizizi mikavu ya miti iliyokatwa, na kuchimbua tundu pale tu kichuguu kinapoanza kuinuka ndani ya uwanja. Udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine hupita mita 5 kwa urefu, una mfinyanzi na kalsiamu kuliko udongo unaovizunguka. Udongo huo uliopondwa na kuchanganywa na mboji unafaa kuwekwa akiba kwa ajili ya kusawazisha mashimo mwezi wa Novemba.

Kuiandaa mashine kulala

Mashine iliyotumika hadi mwisho wa Aprili inaweza kukaa miezi mitano bila kazi. Kinachoiharibu katika muda huo ni petroli iliyochakaa, majani mabichi yaliyoganda chini yake, na vumbi. Hatua zifuatazo ni za mashine ya petroli yenye injini ya mipigo minne, ndiyo inayopatikana zaidi.

Petroli huanza kuharibika baada ya mwezi mmoja hivi. Sehemu nyepesi huyeyuka hewani, na iliyobaki hugeuka utomvu unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Tangi limwagwe kwenye chombo salama, nje ya nyumba na mbali na moto wa mbabula, kisha injini iwashwe hadi izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Petroli iliyotolewa itumike mapema kwenye pikipiki au jenereta, isingoje Oktoba.

Oili ibadilishwe injini ingali na joto, kwa sababu ya moto hutoka na uchafu wake. Mashine nyingi ndogo za kusukuma huchukua kama nusu lita ya oili ya SAE 30 au 10W-30. Kipimo sahihi husomwa kwenye kijiti chake. Oili ya zamani isimwagwe ardhini.

Kisha waya wa plagi, inayoitwa pia bujii, uchomolewe. Hakuna mkono unaopaswa kwenda karibu na kisu kabla ya hatua hii. Plagi ifunguliwe, kijiko kimoja cha oili safi kimiminwe ndani ya silinda, na kamba ivutwe polepole mara mbili au tatu ili oili ienee. Plagi irudishwe, waya ubaki umeachwa kando, na kamba ivutwe hadi pale inapokaza. Hapo vali zote zimefunga, na hewa yenye unyevu haiingii ndani ya silinda.

Mashine inapolazwa ubavu, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu ili oili isiingie kwenye chujio. Majani yaliyoganda chini yakwanguliwe kwa kipande cha mti, pafutwe kwa kitambaa na kupakwa oili nyembamba. Kisu kifunguliwe, kinolewe kwa tupa kwa kufuata mshazari wake wa asili, kisha kitundikwe kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ni mzito na uongezewe kunolewa, kwani kisu kisicholingana hutikisa injini hadi kuiua. Kisu chenye ufa kisirudishwe.

Chujio la hewa lina maana kubwa Kolwezi kuliko mahali pengi, kwa sababu vumbi linalopita husaga pistoni na silinda kama msasa. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hugongwa taratibu tu, na likiwa jeusi hubadilishwa. Kulipuliza kwa pampu ya karakana huweza kulitoboa.

Mahali pa kuiweka

Mashine iwekwe mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao au matofali, na ifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu. Jiko na stoo ya makala havifai kwa sababu ya mvuke wa petroli. Matundu ya bomba la moshi na ya chujio yafungwe kwa kitambaa kinachoonekana wazi, maana nyigu hujenga humo kwa udongo na panya hutafuna sponji kwa ajili ya kiota. Kitambaa hicho kiondolewe kabla ya kuwasha.

Mashine ya betri haina petroli wala oili, lakini betri yake ya lithiamu huzeeka ikiachwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Ihifadhiwe ikiwa na chaji karibu nusu, ndani ya nyumba, mbali na chumba cha mabati kinachopata joto kali la Septemba. Kila baada ya miezi miwili ikaguliwe na kurudishwa nusu. Mashine ya waya inayotegemea umeme wa SNEL isafishwe, na waya wake ukaguliwe kama umechunwa na kisu au panya. Fyekeo, panga na mikasi ya bustani vinolewe, vifutwe, vipakwe oili na kuning'inizwa.

Mvua zinaporudi

Mvua moja ya Oktoba haimalizi kiangazi. Nyasi zisubiriwe hadi mvua zimelowesha udongo mara kadhaa na chipukizi za kijani zionekane kote. Kabla ya hapo zisikatwe wala kutiwa mbolea, kwa kuwa mbolea juu ya udongo mkavu huunguza au husombwa na mvua ya kishindo.

Mashine irudishwe kazini kwa mpangilio: kitambaa cha matundu kitolewe, oili ipimwe, petroli mpya itiwe, waya wa plagi urudishwe, na boliti ya kisu ikazwe. Moshi mweupe wa dakika za kwanza hutokana na oili iliyowekwa ndani ya silinda. Ukataji wa kwanza ufanyike siku ambayo udongo una unyevu kidogo, ili vumbi la kiangazi lisitimuliwe. Mkataji avae barakoa, na watoto wakae mbali. Kisu kishushwe kidogo kuliko kawaida ili kiondoe majani yaliyokufa, na mabaki yote ya ukataji huo yakusanywe kwa reki.

Wiki mbili baadaye mbolea inaweza kutiwa: NPK ile ile inayotumiwa kwenye mahindi, au urea isiyozidi gramu 10 kwa mita ya mraba, kisha imwagiliwe ikiwa mvua imechelewa. Mapengo yapandwe vipande vya ukoka vyenye mizizi, kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, na yafunikwe kwa udongo wa kichuguu na mboji kiasi cha nusu sentimita. Vikipandwa Novemba, vipande hivyo hupata mvua ya kutosha kuungana, na kufika Machi huwa tayari kwa kiangazi kinachofuata.